Kabla ya plau kushuka darini, uandae mgongo wako na maksai wako

Msomaji wangu, hebu nijibu kwanza. Mara ya mwisho maksai wako kuvaa nira ilikuwa lini? Na wewe mwenyewe, mara ya mwisho kushika mikono ya plau kutwa nzima ilikuwa lini?

Kama uko Chitete, Msangano, Ndalambo au Kamsamba, jibu lako nalijua. Ilikuwa Januari, labda Februari. Tangu hapo plau imelala darini, mnyororo umeshika kutu, ng'ombe wako machungani, na wewe umeendelea na mambo mengine: kuvuna, kusafirisha mpunga, kufyatua matofali, kwenda Tunduma na kurudi. Halafu Novemba au Desemba inanyesha mvua ya kueleweka, na kesho yake alfajiri nyote watatu, wewe na ng'ombe wawili, mnaingia shambani kufanya kazi nzito kuliko zote za mwaka. Maandalizi? Hata siku moja hamna.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo hilo, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu likimgharimu mtu msimu.

Ilikuwa Desemba 2024, nje kidogo ya Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba. Nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja ambaye tunafahamiana siku nyingi. Nilimkuta amelala kwenye mkeka barazani saa 4 asubuhi, siku ambayo kila mtu kijijini alikuwa shambani. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuza shingo.

"Mgongo, mwanangu," akasema. "Umekataa. Na yule naye amekataa." Akaonyesha kwa kidole uwani. Chini ya mwembe alilala maksai mmoja mwekundu, shingo imechubuka mbele ya nundu, nzi wamemjaa kidondani.

Siku ya kwanza walilima vizuri. Siku ya pili ng'ombe yule akaanza kusuasua, akaongezewa fimbo. Siku ya tatu, jua limeshapanda, akalala kwenye mfuo na hakuinuka. Mzee alipojaribu kuinua plau peke yake ili aifungue, kiuno kikalia. Afisa mifugo alikuja, akapima joto, akaangalia tezi kama kuna dalili za ndigana, hakuona. Ng'ombe alikuwa amekonda, amechoka, na ana kidonda. Hapakuwa na ugonjwa mwingine. Wote wawili walihitaji kupumzika zaidi ya wiki moja, na wiki moja ya Desemba kwa mkulima wa mahindi si kitu kidogo. Alipanda kwa kuchelewa, na mavuno yake yalionyesha hivyo.

Nilimuuliza kama ng'ombe walikuwa wamefanya kazi yoyote kabla ya hapo. Akanishangaa. "Wanapumzika tangu Februari! Wanakula tu. Nguvu walizonazo ni za miezi tisa."

Hapo ndipo nilipowakumbuka farasi.

Farasi wa Versailles

Agosti mwaka huohuo, nikiwa Tunduma, nilikuwa napata chakula kwenye mgahawa mmoja karibu na barabara ya malori. Kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha Olimpiki ya Paris. Farasi walikuwa wakicheza dresaji, mchezo ambao farasi anapita uwanjani akipiga hatua kwa mpangilio, anakwenda ubavu, anazunguka mahali pamoja, na aliyempanda anaonekana hafanyi kitu. Mashindano hayo yalifanyika kwenye viwanja vya kasri la Versailles. Dereva mmoja aliyekaa meza ya jirani akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa huyu analima nini?" Tukacheka wote.

Ni swali la haki. Kwetu farasi ni mgeni. Mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, vimewafanya wawe wachache katika sehemu kubwa ya nchi. Wengi wetu tumewaona kwenye gwaride la kikosi cha polisi cha mbwa na farasi au kwenye picha. Jirani zetu wa Kenya wana uwanja wa mbio za farasi pale Ngong, Nairobi. Momba, mnyama anayetuvutia mzigo ni maksai, na punda kidogo.

Lakini watu wa dresaji wana jambo moja ambalo mkulima wa Chitete anaweza kulichukua bure. Mchezo wao umekuwa kwenye Olimpiki tangu mwaka 1912, na uwanja wake ni mdogo, mita 60 kwa 20. Ungedhani farasi wao wanazungushwa humo kila siku kutwa. Sivyo. Waalimu wao wazuri waligundua zamani kwamba farasi anayefanya kazi ya aina moja, kwenye uwanja mmoja, siku zote, anaumia miguu na mgongo, na kabla ya kuumia anachoka akili: anakataa kazi, anakuwa mkali au anakuwa kama gogo. Kwa hiyo wanamchanganyia. Siku mbili tatu za wiki ni za uwanjani. Siku nyingine anatembezwa porini, anapandishwa na kushushwa vilima. Siku nyingine anarukishwa magogo membamba yaliyolazwa chini ili ainue miguu na kuupinda mgongo. Na kuna saa za kuachwa malishoni na wenzake, ale, ajigaragaze.

Mwalimu wa Uingereza, Carl Hester, anajulikana kwa hilo. Farasi wa zizi lake aliyeitwa Valegro, aliyechukua dhahabu London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016, hakulelewa kama yai. Alitolewa nje na kuachwa malishoni kama farasi wengine. Ujerumani, Reiner Klimke, aliyekuwa na dhahabu sita za Olimpiki, aliandika kitabu kizima juu ya kuwafanyisha farasi kazi ya kuvuka miti iliyolazwa chini, na binti yake Ingrid ameendelea na njia hiyo.

Na wanaowapanda nao hawabaki nyuma. Wanaogelea, wanatembea, wanaendesha baiskeli, wanafanya mazoezi ya tumbo na kiuno. Mpanda farasi aliyepinda upande mmoja humpinda na farasi wake.

Tuyaite mazoezi mseto. Swali ni je, yana maana gani kwa mtu ambaye hafanyi mchezo, anatafuta chakula?

Ekari moja ni kilometa 20

Chukua kalamu tupige hesabu. Plau ya kawaida inakata mfuo wa upana wa sentimeta 20 hivi. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Gawanya, utapata kwamba ili umalize ekari moja, wewe na ng'ombe wako mnatembea zaidi ya kilometa 20, bila kuhesabu kugeuka. Hiyo ni karibu nusu marathoni, juu ya udongo uliolimwa, mikono ikizuia chuma kisichepuke.

Kama shamba lako lina urefu wa mita 100, utageuka takribani mara 200. Kila kona unainua au kuburuta plau ambayo uzito wake unaweza kupita kilo 30. Wengi wanaoniletea migongo yao wananiambia waliumia "nikilima". Nikiwauliza vizuri, waliumia kwenye kona: mtu amechoka, amepinda, anainua huku anageuza kiuno.

Upande wa ng'ombe, kanuni ya wataalamu wa wanyamakazi ni kwamba maksai anaweza kuvuta kwa saa kadhaa mzigo unaolingana na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wetu wa kienyeji ni wadogo, wengi wana kilo 250 hadi 350. Wawili kwa pamoja hawana ziada kubwa mbele ya udongo mzito wa bondeni. Wakiwa wamekonda, ziada yenyewe imeshaliwa.

Na hapa ndipo mzee wangu alipokosea, kama wengi. Nguvu za mwili haziwekwi akiba kama mahindi kihengeni. Mtu au mnyama akiacha kazi fulani, pumzi huanza kupungua ndani ya wiki chache tu. Misuli nayo hufuata. Ni kweli ng'ombe wake walikuwa wakitembea kutwa machungani, kwa hiyo miguu na mapafu yao havikuwa vibaya. Lakini kutembea si kuvuta. Shingo, mabega na mapaja ya nyuma yalikuwa hayajaguswa kwa miezi tisa, na ngozi ya chini ya nira ilikuwa imerudi kuwa laini kama kiganja cha mwanafunzi wa bweni. Ukimpa mwanafunzi huyo jembe siku nzima, jioni ana malengelenge. Ng'ombe naye anapata malengelenge, tofauti ni kwamba kesho anavishwa nira juu yake.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: misuli hupata nguvu haraka kuliko kano zinazoishika kwenye mfupa. Misuli inaweza kuonekana imekaza ndani ya wiki chache. Kano zinahitaji karibu miezi mitatu kuzoea mzigo mpya. Ndiyo maana mtu anajisikia yuko vizuri wiki ya pili, anaongeza kazi, na wiki ya tatu bega au kisigino kinamsaliti.

Wanariadha wanalijua hili. Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, kwenye marathoni ya Tokyo Septemba 2025, sisi tuliona saa mbili na dakika tisa za siku moja. Hatukuona miezi ya nyuma yake, ambayo kwa mkimbiaji yeyote wa marathoni sehemu kubwa ni mbio za polepole, siku za kupumzika na mazoezi ya viungo. Hakuna anayekimbia marathoni kila asubuhi ili ajiandae na marathoni.

Upande mmoja wa mwili

Plau ya kawaida inatupa udongo kulia. Kwa hiyo ng'ombe wa kulia siku zote anatembea ndani ya mfuo, na wa kushoto juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Mmoja yuko chini, mwingine juu, nira imelala upande. Na wewe nyuma yao unatembea mguu mmoja ukiwa mfuoni, kiuno kimeinama upande uleule. Kilometa 20 kwa ekari. Ukilima ekari tano, umetembea kilometa 100 ukiwa umepinda.

Watu wa dresaji wana ugonjwa wa kuogopa jambo hili. Kila zoezi wanalofanya kwa kushoto wanalirudia kwa kulia, kwa sababu farasi kama mtu ana upande wake wa nguvu, na ukiuachia huo ufanye kazi yote, upande wa pili unalala.

Sisi hatuwezi kuibadilisha plau, lakini kuna mengine. Wakati wa kufundisha maksai wachanga, wafundishe wote kulia na kushoto. Wakishazeeka na upande mmoja ni vigumu. Mwenye jozi mbili azipokezane, asubuhi hii na asubuhi ile. Na kwenye kugeuka, ukianza kulima katikati ya shamba mtakuwa mnageukia kulia siku nzima. Ukianza pembeni mtageukia kushoto. Ukibadilisha, shamba hili katikati na lile pembeni, au mwaka huu hivi na mwakani vile, kiuno chako kinashukuru na shamba lenyewe halipati mgongo wala shimo katikati.

Wiki sita kabla ya mvua

Kama mvua kwenu hunyesha katikati ya Novemba, basi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba ndiyo siku yako ya kuanza. Wiki ya kwanza na ya pili, wavishe ng'ombe nira siku tatu kwa wiki na uwatembeze nusu saa hadi saa moja, hawavuti kitu. Angalia nira yenyewe: imepasuka wapi, inakwaruza wapi, isugue iwe laini. Wiki ya tatu na ya nne, wafungie gogo dogo wavute, kisha kubwa kidogo. Wapitishe kwenye mteremko, kwenye mchanga wa kijito kilichokauka, kwenye njia yenye mawe madogo ambapo lazima waangalie wanapokanyaga. Wiki mbili za mwisho, mkokoteni wenye madumu ya maji au tofali chache, na muda uongezeke taratibu. Wiki moja usiongeze vyote viwili, uzito na muda, chagua kimoja.

Siku zilizobaki waache. Na nikisema waache, simaanishi kuwafunga kwenye nguzo. Ng'ombe anahitaji saa nyingi za kuchunga na saa nyingine nyingi za kulala na kucheua. Ukimnyima hizo, hata umpe majani namna gani hayamfai. Waache walambane, wajikune kwenye miti. Maksai wanaofanya kazi pamoja huwa marafiki, na ukiwatenganisha ghafla utaona wanavyohangaika.

Mwisho wa kiangazi ndipo ng'ombe wanapokuwa wamekonda kuliko wakati wowote, na ndipo kazi nzito inapowakuta. Kwa hiyo mabua ya mahindi, majani ya karanga na ya maharage usiyachome yote baada ya mavuno. Yaweke juu ya kichanja kwa ajili ya Oktoba, pamoja na pumba kidogo na jiwe la chumvi. Maji ni muhimu kuliko yote: maksai anayefanya kazi kwenye joto anaweza kunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, na zaidi.

Msimu ukianza, lima saa 12 asubuhi hadi saa 4 au saa 5, basi. Wanaobaki shambani hadi saa 8 mchana kwa kuogopa mvua kupita ndio wanaokaa nyumbani siku ya nne. Kidonda kikitokea shingoni, ng'ombe huyo hafanyi kazi mpaka kipone. Na mwenye punda asimvishe nira ya ng'ombe. Punda hana nundu ya kuishikilia, yeye anavuta kwa kifua, anahitaji mkanda wa kifuani.

Na wewe je?

Najua kuna msomaji anayesema: mimi ni mkulima, kazi yangu ni mazoezi tosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuipa misuli nguvu angalau siku mbili. Mkulima wa plau Desemba anazimaliza dakika hizo kwa asubuhi moja.

Lakini watafiti wa Denmark na kwingineko wamekuwa wakichunguza kitu kinachofanana na kitendawili: mwendo wa kazini mara nyingi haumpi mtu faida ileile anayoipata aliyekwenda kutembea au kucheza mpira kwa hiari. Sababu wanazozitaja zinaeleweka hata bila kusoma vitabu. Kazi ni ndefu, mzigo unashikiliwa bila kuachiwa, mapigo ya moyo yanabaki juu kwa saa nyingi, na mtu hawezi kusimama akichoka kwa sababu jirani anasubiri jozi ya ng'ombe. Mchezo ni mfupi, unabadilika, na ukichoka unakaa chini.

Ndiyo maana ni vibaya kumwambia mama anayelima kwa jembe la mkono, anateka maji, na mtoto yuko mgongoni, kwamba "afanye mazoezi". Nimewahi kusema hivyo kwenye mkutano mmoja na niliangaliwa kwa jicho ambalo sijalisahau. Mama huyu anahitaji vitu viwili. Kwanza kupunguziwa: mkokoteni wa maksai uende kisimani, na baba au vijana waupeleke. Pili, mwendo ulio kinyume na kazi yake. Amekuwa ameinama kutwa, basi anyooke: alale chali dakika chache magoti yakiwa yamekunjwa, anyooshe mikono juu ya kichwa, acheze ngoma kwenye sherehe bila kuona haya.

Kwa anayeshika plau, mambo manne yanatosha, dakika 15, siku tatu kwa wiki, kuanzia siku ileile unayowavisha ng'ombe nira. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio mpaka mwili uwe kama daraja, hesabu hadi tano, shusha, mara kumi. Piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kiuno kuyumba, kisha badilisha. Mara nane kila upande. Kaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi na tano. Mwisho simama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki, kulia asubuhi na kushoto jioni. Utakaposhindwa upande mmoja zaidi ya mwingine, umeshajua upande wako uliolala.

Ongeza na kujifunza kuinua. Ndoo ya maji ni mwalimu mzuri: isogeze karibu na miguu, kunja magoti na nyonga, mgongo ubaki umenyooka, inuka, kisha ndipo ugeuke kwa miguu. Usigeuze kiuno ukiwa umebeba. Ukilizoea kwa ndoo mwezi Oktoba, mwili utalikumbuka kwenye kona ya shamba Desemba.

Halafu burudani. Mpira wa jioni na vijana, hata kama wanakupita mbio. Baiskeli kwenda gulioni badala ya bodaboda. Wazungu wanasifu kuogelea, na kwa mgongo ni kuzuri kweli, lakini mimi simshauri mtu wa Momba aruke mtoni kwa kuiga. Mto wetu unamwaga maji Ziwa Rukwa, ziwa lenye mamba wengi, na maji yaliyotuama yana kichocho.

Madereva mnaosubiri kuvuka Nakonde, nanyi ni wapanda farasi wa aina yake. Kila baada ya saa mbili shuka, zunguka lori mara tano, piga hatua ndefu goti la nyuma likikaribia chini ili ufungue nyonga zilizokunjwa kutwa. Vijana wa bodaboda, hivyohivyo.

Mgongo unaoumiza mkulima baada ya kazi mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache, na kutembea taratibu kunausaidia kuliko kulala kitandani siku kumi. Ila usingoje nyumbani kama mguu umekufa ganzi au umekosa nguvu, kama umeshindwa kuzuia haja au mkojo hautoki, kama una homa, unapungua uzito, unatoka jasho usiku, au maumivu yanakuamsha. Kifua kikuu hushika hata mifupa ya mgongo. Hapo ni kituo cha afya, leo. Na wale wanaomeza diklofenaki za dukani asubuhi na jioni msimu mzima ili waweze kulima, nawaomba waache. Dawa hiyo ikitumika ovyo hutoboa tumbo na kuharibu figo, na kwa kuwa inanyamazisha maumivu, inakufanya ulime juu ya jeraha.

Mzee wangu alinicheka nilipomweleza habari za gogo. "Nitaonekana kichaa," alisema, "nalima hewa." Msimu uliofuata alianza katikati ya Oktoba, jioni, jua likiwa limepoa na watu wachache njiani. Watoto walimfuata wakiimba. Wiki ya tatu jirani yake akaja kuomba kwamba, badala ya gogo, ng'ombe wavute kuni zake kutoka porini. Akakubali, akalipwa debe la mahindi.

Alilima ekari tatu kwa siku saba, asubuhi tu, na siku moja katikati walipumzika. Maksai mwekundu hakulala. Mgongo wake yeye uliuma siku ya pili, akapumzika mchana, akafanya lile daraja lake barazani huku mke wake akimcheka, na kesho yake akarudi shambani. Nilipompigia simu wiki iliyopita aliniuliza kama ni mapema mno kuwavisha nira Septemba.

Nikamwambia aanze na nusu saa.